Sensa za altrasoniki: za kufunga nje au za kuchomeka ndani ya bomba, na signali ikififia uanzie wapi (kwa mafundi wa Mtwara na Lindi)

Mafundi wenzangu wa huku Kusini, na nyie viongozi wa jumuiya za maji mnaoletewa karatasi mbili za bei, moja ya mita ya kupimia maji yanayopita yenye sensa za kufunga nje ya bomba na nyingine ya sensa za kuchomeka, naona wengi wanachagua kwa kuangalia jumla ya chini pale, au ile asilimia ya usahihi iliyoandikwa kwenye katalogi. Zote zitakwambia asilimia 1 hivi, kwa hiyo hapo hujapata msaada wowote. Swali la kujiuliza ni hili: kwenye bomba lako wewe, signali itafia wapi? Kama itafia kwenye ukuta wa bomba, chukua za kuchomeka. Kama itafia kwenye maji yenyewe, usinunue kwanza, tibu maji, manake sensa ya aina yoyote itakusumbua. Na kama haifii popote, funga nje, hamna haja ya kutoboa bomba lisilo na kasoro.

Tuelewane kwanza kinachopimwa. Sensa ziko mbili, moja upande maji yanakotoka na nyingine upande yanakoelekea, zinarushiana mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, nyingi ni megahezi 1. Sauti inayokwenda na maji inawahi kufika, inayopinga maji inachelewa, na ile tofauti ya muda ndo mita inaigeuza kuwa lita. Tofauti yenyewe ni ndogo mno. Chukua bomba lenye kipenyo cha ndani milimita 200, maji yanakwenda mita 1 kwa sekunde, sensa umefunga nje kwa mtindo wa V, yani zote mbili upande mmoja wa bomba, sauti inatumia kama maikrosekunde 290 kuvuka bomba, kugonga ukuta wa pili na kurudi, na tofauti kati ya safari ya kwenda na maji na ile ya kupinga maji ni kama nanosekunde 150 tu. Ukilijua hilo hutashangaa tena kwa nini grisi iliyokauka inaharibu ripoti ya mwezi mzima.

Ukuta wa bomba

Hapa ndipo hizi aina mbili zinapoachana kabisa. Sensa ya nje, sauti yake inapita kwenye grisi, kwenye rangi kama hukuikwangua, kwenye kutu, kwenye chuma au plastiki, kwenye ukoko wa ndani, ndipo ifike kwenye maji, halafu upande wa pili ianze tena hivo hivo kwa kurudi nyuma. Ya kuchomeka uso wake uko ndani ya maji, inatazamana na mwenzake, basi. Vitu vyote vya njiani umeviruka.

Bomba la chuma safi au GI (chuma kilichopakwa zinki) jipya halina shida, sensa ya nje inashika vizuri. Bomba la HDPE (plastiki ngumu) linameza sauti kuliko chuma lakini kwa saizi za kawaida za vijijini linakubali. Bomba la DI (chuma cha kusubu kisichovunjika upesi) lenye plasta ya saruji ndani ndo la kuogopa, plasta ikiachana na chuma hata kidogo tu pakabaki upenyo wa hewa, sauti inarudi pale pale haivuki, unaweza ukahamisha sensa sentimita thelathini ukapata signali nzuri na ukihamisha tena ikapotea, wala sensa haina tatizo. Mabomba ya zamani ya asbesto yaliyozeeka na chuma kilicholiwa na kutu ndani, usijipe moyo, chomeka. Na huku pwani, kuanzia Mikindani mpaka Lindi mjini, chumvi ya bahari inakula bomba la nje ya ardhi kwa kasi, bomba unalolikuta limevimba magamba nje ligonge na kulipima kabla hujaagiza kitu.

Kuna jambo jingine la ukuta ambalo halihusu nguvu ya signali ila linahusu hela. Sensa ya nje haijui kipenyo cha ndani, wewe ndo unaiambia. Bomba la HDPE la milimita 160 la PN10 (daraja la presha, yani bar 10) lina ukuta wa milimita 9.5, la PN16 lina ukuta wa milimita 14.6, yani ndani moja lina 141 na jingine 130.8. Fundi akiingiza vipimo vya PN10 kwenye bomba la PN16, eneo la ndani linaongezeka kwa asilimia 16 hivi, mita itakupa maji ambayo hayapo, na watu watakaa vikao kutafuta upotevu wa maji wakati hakuna bomba lililopasuka. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye bomba, usikisie. Kwa chuma tafuta kipima unene hata cha kuazima, kwa sababu kwenye bomba la ndani milimita 150 ukikosea unene kwa milimita 1, kipenyo kimekosea milimita 2 na eneo limekosea karibu asilimia 2.7. Za kuchomeka nazo zinahitaji kipenyo sahihi, hilo haliepukiki, ila kwa kuwa umetoboa unaweza kupima ukuta na ukoko kwa mkono wako mwenyewe, ni faida ambayo wauzaji hata hawaitaji.

Matunzo ya kila aina

Za nje kazi yake kubwa ni grisi na mikanda. Ile jeli ya maji inayokuja kwenye kijitubu ni ya kupimia mara moja na kuondoka, ukiiacha kwenye bomba linalopigwa na jua la Mtwara inakauka na kupasuka, na kwenye mpasuko kuna hewa. Mafuta ya Vaseline vilevile, kwa jaribio la nusu saa sawa, lakini bomba likipata moto yanayeyuka na kushuka. Kwa kufunga moja kwa moja tumia grisi ya silikoni, au yale mapedi ya mpira laini kama mita yako inayo. Kabla ya kupaka, kwangua rangi na kutu kwa msasa mpaka uone chuma kinang'aa na ukiweka rula hakuna bonde, lakini usichimbe na grenda ukapunguza ukuta au kutengeneza uso bapa. Ukishafunga, paka rangi chuma kilichobaki wazi pembeni ya sensa, la sivyo hewa ya bahari itaingiza kutu chini ya sensa yenyewe na utarudi kufanya kazi ile ile. Mikanda ikazwe tena baada ya siku chache, hasa kwenye HDPE manake plastiki inatanuka mchana na kusinyaa usiku, mkanda unalegea pole pole.

Halafu kivuli. Nasisitiza sana hili. Bati moja dogo juu ya sensa, au kuifungia ndani ya pampu hausi, linaongeza umri wa grisi na wa kebo kuliko grisi ya gharama.

Za kuchomeka hazina habari ya grisi ila zina habari ya utelezi, chuma na chokaa vinavyoganda kwenye uso wa sensa, zina oringi, na zina nati ya kubana inayoanza kuvuja tone tone. Uzuri ni kwamba zimepita kwenye boli valvu, kwa hiyo unaweza kuzitoa ukazisafisha bila kufunga maji ya mji. Zisafishe kwa kitambaa na siki au asidi nyepesi kama ni chokaa, usikwangue na kisu. Kabla hujalegeza chochote weka alama ya kina na alama ya mwelekeo kwa kalamu ya chuma, kwa sababu nyuso mbili zinatakiwa zitazamane na ukizirudisha zimepinda kidogo umejitengenezea signali dhaifu kwa mikono yako.

Na hapa naomba msomaji asome taratibu. Kijiti cha sensa ya kuchomeka chenye kipenyo cha milimita 24 kwenye bomba lenye bar 10 kinasukumwa kutoka nje kwa nguvu ya kama kilo 46. Ukilegeza nati bila kukishika kwa mnyororo wake wa usalama au kifaa chake, kinaruka, na uso wako uko pale pale juu. Kila mita 100 ambazo maji yanapandishwa ni karibu bar 10, sasa fikiria mabomba yanayosukuma maji toka chanzo cha Mitema kupanda uwanda wa Makonde kwenda Newala na Tandahimba, chini kule presha sio ya mchezo. Sensa nyingi za kuchomeka zimeandikwa bar 16. Bomba linalozidi hapo au linalokaribia, mi nasema funga nje hata kama itabidi uhangaike na msasa siku nzima, nafsi ya fundi haina spea.

Signali imefifia, unaanzia wapi

Watu wengi wakiona signali imeshuka wanakimbilia kununua sensa. Kabla ya kufungua hata skrubu moja, uliza imefifia lini na kwa namna gani, kwa sababu muda unakwambia nusu ya jibu.

Imeshuka pole pole kwa miezi, pande zote mbili sawa: kwa za nje ni grisi inakauka au mikanda inalegea, kwa za kuchomeka ni uchafu usoni, na kwa zote inaweza kuwa ukoko ndani ya bomba. Imeshuka ghafla leo asubuhi: kebo, kiungo cha kebo, au kuna mtu kaigusa sensa, mara nyingine ni vijana waliokuwa wanafyeka majani. Inakuwa nzuri alfajiri na mbovu saa nane mchana halafu jioni inarudi: joto, angalia grisi na mikanda kwanza, kisha fikiria bomba la nje ya ardhi ambalo maji yake yanapata moto na kuachia vibubujiko. Inasumbua kila umeme ukirudi baada ya kukatika, kisha baada ya muda inatulia yenyewe: hiyo ni hewa iliyoingia bomba lilipokuwa tupu, sensa ni nzima. Imeanza na mvua za mwaka huu: fungua chemba, utakuta viungo vya kebo vinaogelea, au kama maji yanatoka mtoni basi ni tope. Huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja mrefu, toka Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, chemba ikishajaa inaweza ikakaa na maji muda mrefu bila mtu kujua, kwa hiyo kiungo cha kebo kiinue juu ya chemba tangu siku ya kwanza na ukijaze silikoni.

Baada ya hapo ndo usome namba. Mita za jamii ya TUF-2000, ambazo zimejaa sokoni, zina menyu tatu za kutazama. M90 inakupa nguvu ya signali ya kila upande na ubora wake, vyote ungependa viwe juu ya 60. M91 inalinganisha muda uliopimwa na muda ambao mita ilitegemea, inatakiwa iwe kati ya asilimia 97 na 103. M92 inakupa kasi ya sauti kwenye maji. Sauti kwenye maji ya nyuzi 20 inakwenda mita 1482 kwa sekunde, kwenye nyuzi 30 ni 1509, kwa hiyo kwa maji yetu ya joto ukiona karibu 1500 ujue vipimo ulivyoingiza vina akili. Ukiona 1400 au 1600, acha kulaumu sensa, umekosea unene, kipenyo, aina ya bomba au nafasi kati ya sensa, rudi M25 uone nafasi inayotakiwa na upime tena kwa tepu. Mita za aina nyingine zina majina yake lakini vitu ni hivi hivi: nguvu, ubora, uwiano wa muda, kasi ya sauti.

Nguvu ipo lakini ubora uko chini? Hapo ni hewa au kelele ya umeme. Inveta ya pampu (kifaa cha kubadili kasi ya mota) ni mkorofi namba moja, na kebo ya sensa iliyolazwa pamoja na kebo ya mota kwenye tundu moja ni kujitafutia. Zima pampu huku bomba limebaki limejaa: ubora ukipanda pale pale, shuku inveta, tenganisha kebo na uangalie athi. Ukipanda taratibu kadiri maji yanavyotulia, ni vibubujiko.

Nguvu iko chini upande mmoja tu? Badilishana kebo za sensa mbili pale kwenye mita. Udhaifu ukihamia upande wa pili, tatizo liko kwenye sensa au kebo yake, ukibaki pale pale tatizo ni mita yenyewe. Mtiririko utasoma hasi wakati huo, ni kawaida, usishtuke, ila ukumbuke kurudisha. Kisha sensa za nje zitoe, pakaa grisi, zigusanishe uso kwa uso. Za kuchomeka zitumbukize kwenye ndoo ya maji zikitazamana. Zikipata signali nzito hapo, sensa na kebo ni nzima, kilichobaki ni bomba au maji. Hili jaribio linaweza kuokoa pesa ya seti nzima ya sensa na halihitaji kifaa maalumu.

Kwa za nje tu kuna dawa moja zaidi ambayo za kuchomeka hazina: badili mtindo. Kama ulifunga V na bomba ni kubwa au chakavu, funga Z, sensa zikae pande mbili tofauti za bomba, sauti inavuka mara moja badala ya mbili na signali inapanda. Ila tofauti ya muda nayo inapungua nusu, na kupanga sensa kunahitaji umakini wa kuzungushia karatasi kwenye bomba ili zisikae kombo. Kwa bomba dogo la chuma V inatosha.

Hewa ni adui wa wote

Nimeshaigusa ila inastahili aya yake. Hakuna sensa ya kuchomeka itakayokuokoa na hewa. Kwa mlalo wa bomba weka sensa ubavuni, yani saa tatu na saa tisa, juu kunakaa hewa na chini kunakaa mchanga. Chagua bomba linalopanda au lililojaa muda wote, kimbia bomba linaloshuka kumwaga kwenye tenki wazi. Kaa mbali na kona, kawaida mara 10 ya kipenyo kabla ya sensa na mara 5 baada, na ukitoka kwenye pampu au valvu iliyofungwa nusu nenda mara 30 kama nafasi ipo. Kagua ea valvu za vilele vya mlima, kagua gilandi ya pampu ya kuvuta (pale shafti inapozibwa isivuje) kwa sababu pampu inaweza ikanyonya hewa bila kuvuja hata tone, na kwa visima angalia kama maji yanashuka mpaka karibu na pampu kiangazi. Kama maji yenyewe ni machafu kweli, majitaka au tope zito la kudumu, hizi zote mbili za kupima muda sio zako, tafuta ya Doppler ambayo inategemea huo huo uchafu kurudisha sauti.

Gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo ni habari nyingine kabisa. Kwenye gesi sauti inakwenda pole, methani ya nyuzi 20 ni kama mita 446 kwa sekunde, na kutoka kwenye chuma kuingia kwenye gesi nguvu karibu yote inabaki kwenye chuma, ndo maana mita za mauzo ya gesi zinakuwa kipande kizima cha bomba chenye sensa ndani yake na njia kadhaa za sauti. Msichukue uzoefu wa mabomba ya maji mkaupeleka kule.

Sasa chagua

Jumuiya ya kijiji, bomba la HDPE au GI la milimita 63 mpaka 160, maji ya kisima, fundi mmoja na spana zake: funga nje, ndani ya pampu hausi, na mfundishe yule fundi M90 na grisi. Bomba kubwa la chuma linalopandisha uwandani kwa presha kubwa: funga nje, kwa mtindo wa Z kama V haishiki. Bomba la mji lililozeeka, lenye plasta au ukoko, presha ya kawaida, na pale kuna timu yenye mafundi wawili watatu na kifaa cha kutobolea: chomeka, na kwenye plastiki au chuma cha kusubu tumia sado klempu (kibanio kinachozunguka bomba na kushika valvu), usijaribu kuchomelea. Kiwanda cha korosho kinachotaka kujua boila inakunywa maji kiasi gani: funga nje, kwa saizi zile ndogo kutoboa ni hasara tupu, ila bomba la maji ya moto liulizie sensa na grisi za joto kubwa. Mkipima maji ya kuuziana kati ya mamlaka na mamlaka, mi ningechomeka au ningeweka mita ya kipande kizima cha bomba chenye sensa ndani, kwa sababu sensa ya nje mtu anaweza kuisogeza sentimita moja na hesabu ikabadilika bila ushahidi.

Kama bado uko njia panda, omba muuzaji aje na mita ya mkononi aifunge nje kwenye bomba lako mbele yako, mchana jua likiwa kali na pampu ikiwa inafanya kazi, kisha muandike nguvu, ubora na kasi ya sauti kwenye karatasi. Ikishika vizuri hapo, sensa za nje zitakutosha. Isiposhika sehemu tatu tofauti za bomba na hewa mmeshaiondoa, jibu ni kuchomeka. Muuzaji anayekataa kufanya hilo jaribio, endelea na mwingine.

Na kwenye oda andika kabisa: grisi ya silikoni ya ziada, mikanda ya chuma isiyoshika kutu, oringi seti mbili kama ni za kuchomeka, kebo ndefu kuliko unavyodhani, na viungo vya kebo vya kuzuia maji. Dar ni zaidi ya kilomita 500 toka Mtwara, na oringi ya bei ndogo ikikosekana mita nzima inakaa kimya mpaka basi lifike. Siku ya kufunga, piga picha M90, M91 na M92 na sensa zilivyokaa, ukabandike nakala kwenye mlango wa boksi la mita, pamoja na sifuri uliyoisoma valvu ikiwa imefungwa na bomba limejaa.